Wasomaji Wanauliza: Nyigu Kaingia Ndani, Nimtoeje?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu nyigu na nyuki walionaswa ndani ya nyumba. Zilizofanana tumeziunganisha.

Nyigu ameingia sebuleni na tangu asubuhi anajigonga kwenye kioo cha dirisha. Nimefungua upande mmoja wa dirisha lakini hatoki. Nina mtoto anayetambaa. Nifanye nini bila kuumwa?
*Mama wa mtoto mmoja*

Pole, mama. Anza kwa kumhamishia mtoto chumba kingine na kufunga mlango. Nyigu huyo hana ugomvi nanyi. Anatafuta njia ya kutoka, na kwake njia ni pale penye mwanga mkali. Kioo kinapitisha mwanga, kwa hiyo hana namna ya kujua kwamba pamezibwa. Ndiyo sababu anang'ang'ania kioo kilekile ilhali uwazi uko nusu mita tu pembeni: mwanga wa upande wa wazi ni uleule wa upande wa kioo, hakuna cha kumvuta huko zaidi.

Basi ufanye ule uwazi uwe mahali pekee penye mwanga. Zima taa, vuta mapazia ya madirisha mengine, kisha funika sehemu yenye kioo kwa taulo nzito au kipande cha boksi, uache wazi upande uliofunguliwa tu. Hakikisha hakuna wavu wa mbu upande huo. Wengi hukwama hapa: dirisha limefunguliwa, wavu umebaki, na lawama anabebeshwa nyigu. Toka chumbani, funga mlango, ziba upenyo wa chini kwa nguo na umwachie dakika 20 hivi. Mara nyingi ukirudi hayupo.

Kama bado yupo, tumia glasi na kadi. Glasi iwe angavu, mdomo wake uwe na upana wa sentimita 7 au 8 na kina kisipungue sentimita 10. Glasi nyembamba itakulazimisha ulenge shabaha, na ukingo ukimbana mguu ndipo anapokasirika. Kikombe cha udongo au cha bati hakifai, kwani ndani kuna giza na mwanga unaingilia ukingoni tu, palepale utakapopitisha kadi, na ndiko atakakokimbilia. Kadi iwe ngumu kama jalada la daftari kubwa. Karatasi ya kawaida hujikunja katikati na kuacha mwanya, tena mwiba unaweza kuipenya.

Subiri atue. Nyigu wa dirishani huwa na mzunguko wake: anapanda kioo kwa miguu, anafika juu, anaruka au kuanguka, kisha anaanza tena kupanda. Mfuate wakati anapanda. Sogeza glasi polepole kutoka nyuma yake hadi ibaki kama sentimita 5, kisha mfunike kwa mwendo mmoja bila kubamiza. Ukingo wote ukae sawasawa kwenye kioo. Sasa pitisha kadi kutokea chini, taratibu kabisa. Ikigusa miguu yake atainuka mwenyewe na kuhamia ndani ya glasi. Ukiisukuma kwa haraka utambana tumbo, na pengine mkono wako utashtuka na glasi itaachia. Kadi ikishafunika mdomo wote, weka kiganja kizima nyuma yake, usiishike kwa ncha za vidole, kisha uivute glasi na kadi kwa pamoja kutoka dirishani.

Nje, laza glasi chini ikiwa na kadi yake, mdomo ukielekea mbali nawe. Chomoa kadi na uondoke hatua kadhaa. Asipotoka papo hapo mwache, glasi utairudia baadaye.

Kuna mambo mawili tunayaona kila mara, nayo ndiyo yanayoleta maumivu: kupunga kitambaa, na kumpulizia mdudu kwa mdomo ili aruke. Pumzi ya binadamu ina joto na kaboni dayoksaidi, na kwa nyuki na nyigu hiyo ni dalili ya mnyama aliyekuja kuvamia. Geuza uso pembeni unapomkaribia.

Nyuki ameingia chumba cha kulala usiku na anazunguka taa. Dirisha liko wazi lakini hatoki.
*Msomaji wa ghorofa ya tatu*

Usiku mambo hugeuka: mwanga uko ndani na giza liko nje, hivyo dirisha halimvuti. Zima taa zote za chumbani na, kama ipo taa ya nje karibu na dirisha, iwashe. Asiposhawishika, ukizima taa ataacha kuruka na kuanza kutambaa. Kwa hiyo vaa viatu, na kung'uta shuka na mto kabla ya kulala.

Ukitaka kumtoa huyo mgeni usiku huohuo, funika tochi kwa plastiki nyekundu. Macho ya nyuki hayaoni rangi nyekundu; wewe utamwona ukutani, yeye atajiona yuko gizani na hatarukia tochi. Mfunike kwa glasi kama tulivyoeleza juu. Vinginevyo funga mlango, lala chumba kingine, na kukipambazuka utamkuta dirishani.

Nikimpulizia dawa ya wadudu si ndiyo njia ya haraka?
*Kijana asiye na subira*

Haraka yake ni ya macho tu. Dawa nyingi za kopo hushambulia mishipa ya fahamu, na kabla ya kuanguka mdudu huruka ovyo kwa muda, akigonga nyuso na kuingia kwenye nguo. Muda huo ndio watu huumwa. Tena dawa inabaki hewani na juu ya vyombo. Samaki wa kufugwa huathirika vibaya nayo, na makopo mengi yana gesi inayoshika moto, kwa hiyo usipulize karibu na jiko linalowaka.

Ikiwa lazima afe, kwa mfano kuna mtu mwenye mzio mkali ndani ya nyumba, tuna imani zaidi na maji ya sabuni. Changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika nusu lita ya maji, tia kwenye chupa ya kunyunyizia, na weka mdomo wa chupa utoe mkondo, si ukungu. Wadudu hawa hupumua kwa vitundu vidogo ubavuni. Maji matupu hayapenyi humo, hutiririka na kudondoka, lakini sabuni huyalainisha yakaingia na kuziba. Mlenge akiwa ametua, mlowanishe kabisa, na uendelee hata akianguka. Ukimlowesha kidogo tu, atajikausha na kuruka tena. Sakafu itateleza, ifute.

Mashine ya kufyonza vumbi nayo hutumiwa, ila mdudu mara nyingi hafi humo ndani. Usipoziba mdomo wa bomba atatambaa na kurudi.

Na hata akifa, usimwokote kwa vidole wala usimkanyage peku. Misuli ya mwiba hufanya kazi kwa muda hata baada ya mwenyewe kufa, na nyuki mfu anaweza kukudunga vilevile.

Nyumbani kwetu si mmoja. Kila siku natoa nyigu wawili au watatu, kesho wengine. Wanatoka wapi?
*Mpangaji*

Ndugu, hapo tatizo si dirisha. Kuna kiota ndani ya jengo au kimeshikamana nalo, na hao ni wale wanaopotea njia na kutokezea upande wa ndani. Kitafute mchana, kukiwa na jua, ukisimama mita 5 au zaidi kutoka ukutani. Tazama chini ya mapaa, kwenye matundu ya hewa, sanduku la pazia na penye mabomba yanayoingia ukutani. Utaona wadudu wanapita njia moja, wakienda na kurudi sehemu ileile.

Ukikuta vijumba vya udongo kama mirija iliyobandikwa ukutani, tulia. Huyo ni nyigu wa udongo, anayeishi peke yake na kuwalisha watoto wake buibui. Halindi kiota chake kwa vita, na ni nadra kumuuma mtu asiyemshika. Subiri asiwepo, kisha kwangua.

Kama ni sahani ya kijivu yenye vyumba vya pembe sita, inayoning'inia kwa kikonyo kimoja, hao ni nyigu wa karatasi. Wanaitengeneza kwa kutafuna nyuzi za mbao na kuzichanganya na mate, na hawa wanalinda kwao. Kikiwa bado kidogo kuliko kiganja na wakiwa wachache, mtu asiye na mzio anaweza kukitoa jioni giza likiingia, wote wakiwa wamerudi na wamepoa: nguo ndefu, uso umefunikwa, mkondo wa maji ya sabuni kwanza, kisha kukiangusha kwa mti mrefu. Usipande ngazi. Akikuuma ukiwa juu, anguko litakuumiza kuliko mwiba. Kwangua na kikonyo, kwani walionusurika hupenda kuanza upya palepale.

Kilicho ndani ya ukuta au dari mwachie mtaalamu, na tafadhali usizibe tundu wanaloingilia. Wakifungiwa wanatafuta upenyo mwingine, na mara nyingi upenyo huo ni ule wa kuelekea chumbani kwako. Wengine hutafuna dari laini hadi watokee.

Nyuki ni habari nyingine. Nyuki kadhaa wakikagua tundu moja kwa siku nzima huenda ni wapelelezi wa kundi linalotafuta makazi, na kundi lenyewe halijafika. Huo ndio wakati wa kuziba tundu, ukishahakikisha hakuna wanaobaki ndani usiku. Wakishahamia na kujenga masega, mwite mfugaji wa nyuki. Kuwaua humo darini ni kujitafutia kazi: bila nyuki wa kuyapoza, masega hulainika kwa joto, asali huvuja kwenye dari, na siafu, panya na harufu hufuata.

Mtoto wangu aliumwa na nyuki, mmoja akasema usivute mwiba kwa vidole, mwingine akasema paka kitunguu. Yupi mkweli?
*Baba wa watatu*

Mzee, hakuna hata mmoja. Mwiba wa nyuki una vijino vinavyonasa kwenye ngozi, na unapong'oka hubaki na kifuko cha sumu kinachoendelea kusukuma chenyewe. Sehemu kubwa ya sumu huingia ndani ya nusu dakika. Kwa hiyo kinachohesabika ni upesi: ng'oa kwa kucha, kwa vidole, kwa chochote kilicho karibu. Anayekwenda kutafuta kadi ya kukwangulia anaipa sumu muda. Nyigu kwa kawaida haachi mwiba, wake haunasi kwenye ngozi hivyo, na ndiyo maana anaweza kuuma mara kadhaa.

Ondokeni hapo mkishautoa. Nyuki anapouma hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, nayo huwaita wenzake. Osha kwa maji na sabuni, vua pete au bangili kama ni mkono, kisha weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15. Kitunguu, siki na dawa ya meno hubaki juu ya ngozi, wakati sumu imeshaingia chini yake. Havidhuru sana, ila visikucheleweshe. Uvimbe unaweza kuongezeka kwa siku mbili ndipo uanze kupungua, na kuwasha ni kawaida.

Lisilo la kawaida ni hili: kupumua kwa shida au sauti kukauka, ulimi au midomo kuvimba, vipele kutokea mbali na palipoumwa, kizunguzungu, kutapika. Mara nyingi huanza ndani ya dakika chache. Hapo ni hospitali bila kujadiliana. Mlaze na kuinua miguu yake, au mkalishe kama anahema kwa shida, na asisimame wala kutembea. Mwenye sindano yake ya adrenalini adungwe pajani upande wa nje, hata juu ya nguo, kisha aende hospitali hata akijisikia nafuu. Aliyeumwa mdomoni au kooni, na aliyeumwa mara nyingi kwa pamoja, hasa mtoto, naye apelekwe bila kungoja dalili.

Akiingia ndani ya gari nikiwa naendesha?
*Dereva*

Shika usukani kwa mikono miwili na usimtazame. Washa taa ya kuashiria, punguza mwendo, egesha pembeni, zima injini, ndipo ufungue milango yote. Madirisha ya mbele peke yake hayatoshi, kwani mara nyingi huwa amekimbilia kioo cha nyuma, na hicho hakifunguki. Ukimwona huko, tandaza koti juu ya kioo hicho kwa nje. Nyuma pakiwa giza atageuka kuelekea milangoni. Kama umepoteza mahali alipo, kung'uta viti na chungulia chini ya kanyagio kabla ya kuondoka.