Maswali na Majibu: Mzee Mfupi Mwenye Kofia Nyekundu

Swali: Ndugu yangu anayeishi Ujerumani amenitumia picha ya bustani yenye sanamu ya mzee mfupi, mwenye ndevu nyeupe na kofia nyekundu iliyochongoka. Huyu ni nani, na kwa Kiswahili tumwiteje?

Huyo ni kiumbe wa hadithi za Ulaya, anayesemekana kuishi chini ya ardhi na kulinda hazina zake. Wafasiri wengi humwita mbilikimo, neno ambalo mimi silipendi mahali hapa, kwa kuwa limetumika kwa binadamu halisi, wakiwamo wenyeji wa msitu wa Ituri nchini Kongo na watu waliozaliwa na kimo kifupi, nao hawastahili kuchanganywa na viumbe wa kubuniwa. Kibwengo naye ana makao yake na visa vyake pwani kwetu. Katika majibu haya nitamwita nomu, kwa kuyafuata matamshi ya jina lake la Kizungu, gnome.

Swali: Je, imani ya nomu ni ya kale kama imani ya majini?

Imani yenyewe ni ya kale, lakini jina lina mwandishi anayejulikana. Paracelsus, tabibu mzaliwa wa Uswisi aliyefariki mwaka 1541, aliandika kitabu kilichochapwa mwaka 1566, ambamo alizipa asili nne za dunia, yaani maji, hewa, moto na ardhi, wakazi wake wasioonekana kwa kawaida. Wale wa ardhi ndio aliowaita nomu, jina lisilopatikana katika maandishi ya kabla yake, akasema kwamba kimo chao ni kama shibiri mbili na kwamba hupenya mwamba na udongo bila kizuizi, kama sisi tunavyopita hewani. Hata hivyo, hakuwatoa hewani viumbe hao, kwa maana wachimba madini wa nchi za Kijerumani walikuwa wakisimulia habari zao tangu zamani.

Swali: Mbona wanavaa kama vibarua?

Kwa sababu walizaliwa migodini. Mwaka 1549 Georgius Agricola, tabibu wa Saxony, Ujerumani, aliyeijua kazi ya uchimbaji kuliko wasomi wengi wa wakati wake, alieleza habari za viumbe wadogo wenye sura za kizee, waliovaa mavazi ya wachimbaji pamoja na aproni ya ngozi kiunoni, ambao huonekana wakihangaika kuchimba na kubeba mawe ilhali hakuna kazi yoyote wanayoifanya. Mtu aliyeshinda gizani chini ya mwamba, akisikia mawe yakigongana mahali pasipo na mwenzake, hakuhitaji kushawishiwa sana ili aamini.

Swali: Nimeambiwa kwamba ndani ya simu yangu mna jina la jini wa Kijerumani. Ni mzaha?

Si mzaha. Wachimbaji wa milima ya Saxony walikuwa wakikutana na mawe yaliyofanana na mawe ya fedha, lakini wakiyayeyusha hawapati fedha yoyote, ila moshi wenye sumu ya aseniki. Wakasema kwamba Kobold, jamaa wa karibu wa nomu, ameiba fedha na kuwaachia uchafu. Katika karne ya 18 mkemia wa Sweden, Georg Brandt, alitenga metali mpya kutoka katika mawe hayo, na jina la lawama likawa jina la kitaalamu: kobalti. Nikeli nayo ilipata jina lake kwa njia hiyohiyo. Leo zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa katika eneo la Kolwezi na Likasi, ambako wachimbaji huzungumza Kiswahili, na sehemu yake huishia katika betri za simu.

Swali: Alitokaje mgodini hadi bustanini?

Kwa mikono ya wafinyanzi. Mwaka 1847 Charles Isham, kabaila tajiri wa Uingereza, alinunua mjini Nuremberg, Ujerumani, sanamu 21 za udongo wa kuchoma, akazipanga kwenye bustani yake ya mawe huko Lamport. Moja tu ndiyo iliyosalia. Baadaye karakana za Gräfenroda, katika jimbo la Thuringia, zilizitengeneza kwa wingi, bei ikashuka, na wenye bustani za kifahari wakaanza kuziona kuwa ni ushamba. Maonyesho ya maua ya Chelsea, jijini London, yalizipiga marufuku kwa miaka mingi, yakalegeza sharti hilo mwaka 2013 tu, katika kuadhimisha miaka 100.

Swali: Kwa nini Waingereza huwaita wenye benki wa Zürich, Uswisi, nomu?

Ni kejeli iliyoenea miaka ya 1960, wakati wanasiasa wa chama cha Labour walipowalaumu wenye benki hao kwa kuporomoka kwa paundi. Viumbe wasioonekana, waliokalia dhahabu chini ya ardhi: Paracelsus angewatambua mara moja.