Muulize Mwalimu: Walimpiga Hitler pamoja, wakagombania nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu wa kidato cha tatu kaniuliza: kama Marekani na Urusi walikuwa upande mmoja dhidi ya Hitler, Vita Baridi vilitoka wapi? Nilibaki kumtumbulia macho. — Baba wa binti, Morogoro

JIBU: Marahaba, baba. Usione haya. Mimi mwenyewe miaka mingi niliandika ubaoni kwamba mwanzo wake ni "1946, hotuba ya Churchill", nikapiga mstari chini, kengele ikalia. Kumbe ile hotuba ya Churchill, aliyeiongoza Uingereza wakati wa vita, kuhusu "pazia la chuma" lililoigawa Ulaya, aliyoitoa kule Fulton, Missouri, Marekani, ilitangaza ugomvi uliokwisha kuingia ndani.

Umeona majirani wasiosalimiana wakimkimbiza mwizi mmoja? Ndio urafiki wenyewe. Marekani iligoma kuitambua serikali ya Kikomunisti ya Moscow hadi 1933. Vita vilipopamba moto, Stalin, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti (ndiyo Urusi ya wakati ule), aliwaomba wenzake tangu 1941 wawashambulie Wajerumani kutokea magharibi. Normandy, pwani ya Ufaransa, wakashuka Juni 1944. Wasovieti waliokufa katika vita vile hukadiriwa kuwa milioni 27, Wamarekani kama laki 4. Aliyezika watu wote hao hakuwa tayari kuiachia Poland, njia waliyopita Wajerumani kumvamia. Kwenye mkutano wa Yalta, Februari 1945, Stalin aliahidi uchaguzi huru huko. Ahadi ikabaki karatasini, na Wamarekani wakajiona wamechezewa.

Ila mimi tukio ninalolipenda ni la mkutano wa washindi kule Potsdam, Ujerumani, tarehe 24 Julai 1945. Siku 8 nyuma, bomu la atomiki la Marekani lilikuwa limejaribiwa jangwani New Mexico. Kikao kinavunjika, watu wanasimama, Truman, rais wa Marekani, anaizunguka meza peke yake, hata mkalimani wake kamwacha. Anamwambia Stalin, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba wamepata silaha mpya yenye nguvu isiyo ya kawaida. Neno atomiki halitaji. Stalin anajibu kwa utulivu kwamba amefurahi, waitumie vizuri kwa Wajapani. Churchill, aliyekuwa akiwatazama kwa pembeni, aliamini mzee hakuelewa kitu.

Kuelewa? Majasusi wake walikuwa ndani ya mradi ule wa bomu zamani! Marshali Zhukov, kamanda wa jeshi la Kisovieti, amesimulia kwamba baada ya kikao Stalin alisema Kurchatov, mwanasayansi wao wa atomu, aambiwe aongeze kasi. Washirika wawili, vita na Japani havijaisha, kila mmoja anamficha mwenzake analolijua.

(Na urani ya mradi ule sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, kwa Waswahili wenzetu. Hilo silabasi haikuniambia.)

Yaliyofuata yamo daftarini mwake: fedha za Truman kwa Ugiriki na Uturuki 1947, Berlin kuzingirwa 1948, bomu la Wasovieti Agosti 1949. Kwenye mtihani aanze na hayo, msahihishaji ndiyo anayoyatafuta. Wewe msimulie ile ya Potsdam mkiwa mnakula.