Miaka 54 na unataka kufundisha yoga

Dada hujachelewa kabisa, umeuliza kama miaka 54 ni mingi kuanza kusomea ualimu wa yoga, tena ukasema goti linakusumbua na kusimama kwa kichwa kunakutisha, mi nasema anza. Tao Porchon-Lynch alitambuliwa na Guinness, wale wa rekodi za dunia, mwaka 2012 kama mwalimu wa yoga mzee kuliko wote duniani akiwa na miaka 93 na aliendelea kufundisha hata baada ya kufika 100!

Kozi ya msingi inayotambulika sehemu nyingi ni ya masaa 200, ila kabla hujalipa muulize mkufunzi anafundishaje watu wenye presha, glakoma (ugonjwa wa macho) au mifupa iliyopungua nguvu, maana mwenye glakoma hatakiwi kukaa kichwa chini na mwenye mifupa dhaifu kuinama kwa kukunja mgongo ni hatari, sasa kama hana jibu la maana tafuta kwingine. Hilo la kusimama kwa kichwa linalokutisha wala lisikunyime usingizi, mwanafunzi anahitaji macho yako na maelekezo yanayoeleweka. Halafu fikiria yoga ya kwenye kiti, watu wazima wengi wanaihitaji na wanamwamini mwalimu wa rika lao, hapo naona una nafasi nzuri sana. Goti lako lakini mwone daktari kwanza.