Jibu: Kwa nini kinu cha Washington kilikuwa na majengo pembeni?

Jambo dada. Umeuliza kwa nini kinu cha mawe cha George Washington, kule shambani kwake Mount Vernon, Marekani, kilizungukwa na majengo mengine. Sababu ni nafaka.

Kinu kilimalizika 1771. Gurudumu la maji lilikaa ndani ya nyumba, likizungusha jiwe la juu huku la chini limetulia. Mwaka 1791 wakaweka mitambo ya mvumbuzi Mmarekani Oliver Evans: vikombe kwenye mkanda vikapandisha unga juu bila mtu kubeba gunia. Hapa Bukavu, kwenye mashini za muhogo, bado tunamimina kwa beseni.

Nafaka ikishasagwa, mbona isipikwe pombe palepale? Ndivyo James Anderson, msimamizi wa mashamba yake kutoka Scotland, alivyomshawishi Washington mwaka 1797. Mwaka 1799 kiwanda hicho cha pombe kilitoa zaidi ya lita 40,000 za pombe kali. Palikuwa pia na nyumba ya msagaji na karakana ya mapipa.

Tafadhali usiwasahau watumwa waliofanya kazi kiwandani: Hanson, Peter, Nat, Daniel, James na Timothy. Inaniuma watu wanaposifu mawe tu.

Kiwanda kiliungua 1814. Kinu kinachoonekana huko leo kilijengwa upya miaka ya 1930.