Roboti ikizama haijui ilipo: anzia hapa

Ndugu, umeuliza roboti yako ya majini itajuaje ilipo kwa bajeti ndogo, maana GPS (mfumo wa setilaiti wa kujua mahali) hukatika ikizama. Hilo si kosa la antena. Mawimbi ya redio ya setilaiti hayapenyi maji. Na kwa bajeti uliyotaja, kifaa cha kupima mwendo kwa mwangwi wa sauti kutoka sakafu ya maji kisahau kwa sasa.

Kina ndicho rahisi: kihisi cha shinikizo kinatosha, kwani kila mita 10 za maji huongeza shinikizo la takriban baa 1.

Ila hilo wazo lako la kukokotoa mahali kwa kihisi cha mchapuko (kinachopima jinsi kasi inavyobadilika) peke yake, liache. Piga hesabu: kihisi kikikosea mita 0.01 tu kwa sekunde mraba, baada ya dakika moja umeshapotea mita 18. Dakika ya pili ikiisha, ni 72!

Ningekuwa wewe, ningetumia dira kwa mwelekeo, ningekadiria kasi kutokana na nguvu ya mota, kisha kila dakika chache ningeipandisha roboti juu ichukue GPS upya. Dira iwe mbali na nyaya za umeme. Yangu niliifunga kando ya betri, basi kila nikiongeza kasi, roboti ikadhani kaskazini imehama.

Maji yakiwa maangavu na sakafu ina mawe au alama, kamera inayotazama chini itasaidia sana. Vipaza sauti vya majini, vinavyokadiria umbali kwa muda ambao sauti inachukua kufika, viache mwishoni: sauti husafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde, hivyo saa za vifaa zikipishana milisekunde 1 umekosea mita 1.5, na ndani ya bwawa mwangwi wa kuta utakuchanganya zaidi.