Hatua za nani? Maswali yenu ya vipimo

Barua ni nyingi, na kama kawaida nusu yake ni ekari. Naanza nayo ili tuimalize, ingawa najua haitaisha.

Tunauza shamba Ngaramtoni. Dalali amepima kwa miguu, hatua 70 kwa 70, anasema hiyo ni ekari. Mnunuzi ameleta utepe, anataka mita 70 kwa 70. Nani mkweli?

Hakuna mkweli hapo. Ekari ni mita za mraba 4,047 hivi. Mita 70 kwa 70 ni 4,900, kwa hiyo mnunuzi wako anajichotea mita za mraba zaidi ya 850 za bure. Hiyo 70 kwa 70 inakubali kwa yadi tu. Yadi moja ni mita 0.9144, yadi 70 ni mita 64, na 64 kwa 64 inakupa 4,096. Hapo ndipo karibu na ekari.

Sasa njoo kwa dalali. Hatua yake si yadi. Tuseme anatembea hatua ya sentimita 75: sabini zake ni mita 52 na nusu, na eneo lote ni mita za mraba 2,756. Karibu theluthi ya ekari haipo! Nimeshika utepe wa upimaji miaka mingi, na nimemwona dalali yuleyule akitanua miguu akitumwa na mnunuzi, kisha wiki inayofuata akiibana akitumwa na muuzaji. Miguu ni ileile.

Pimeni kila upande kwa mita, kwa sababu shamba la pembe nne zilizonyooka ni nadra huku kwetu kwenye miteremko, na muandike mita hizo kwenye mkataba. Na wale mnaonunua viwanja vya "20 kwa 20", ulizeni 20 za nini kabla ya kutoa hata shilingi. Mita 20 kwa 20 ni 400 za mraba. Hatua 20 kwa 20 za dalali wetu ni 225. Ndugu zangu wa Marangu na Machame mtaniambia kihamba, shamba la ukoo, kina masale, ile mimea ya mpakani, tangu enzi za babu. Sawa, sale linaonyesha mpaka uko wapi. Ukubwa halikuambii.

Hekta na ekari si kitu kimoja?

La. Hekta ni mita 100 kwa 100, karibu ekari mbili na nusu. Hili nimelijibu mara ngapi? Kata kipande hiki ubandike jikoni.

Redio ilisema Moshi imepata mvua milimita 30. Milimita tena, si lita?

Ni kina cha maji ambayo yangesimama kama ardhi ingekuwa bapa na isiyonyonya. Uzuri wake ni kwamba milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye kila mita ya mraba. Paa lenye mita za mraba 100 likipata milimita 30 limepokea lita 3,000, na hapo hujahesabu kinachomwagika kwenye gata mbovu. Ukiwa na tangi la lita 500 na unalia shida ya maji, tatizo si mbingu.

Nalima viazi Sanya Juu. Mnunuzi analeta magunia yake, anajaza mpaka yanaota kichwa, anashonea nyavu juu na kunilipa bei ya gunia moja. Nikikataa anaenda kwa jirani.

Hiyo ni lumbesa, na ni kosa kisheria. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini kwa muda wote unaouza kwa "gunia" unauza nafasi, huuzi uzito, na nafasi hutanuka kama miguu ya dalali. Debe nalo ni hivyo hivyo. Lililofutwa juu kwa ubao na lenye kilima yanaitwa jina moja, na mnunuzi hutumia la kilima akinunua, la kufutwa akiuza.

Wala si ujanja wa Kiborloni peke yake. Wakulima wa Ufaransa walilalamikia jambo hilihili kabla ya mapinduzi ya 1789: bwana mwenye ardhi anapokea nafaka kwa kipimo chenye kilima. Kila mji ulikuwa na kipimo chake pia. Ndiyo sababu mojawapo wakaamua kutafuta kipimo ambacho si cha bwana yeyote. Wanaastronomia Delambre na Méchain wakatumwa kupima ardhi kutoka Dunkerque hadi Barcelona, na mita ikatolewa kwenye ukubwa wa dunia yenyewe: sehemu moja ya milioni kumi ya safari kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Na bado watu waling'ang'ania vya zamani mpaka sheria ilipowabana mwaka 1840. Kwa hiyo sishangai tunavyoshikilia debe.

Kwako wewe: uza kwa kilo, kwenye mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Na huyo jirani, kaeni mkubaliane. Mkikataa wote, mnunuzi ataenda wapi na lori tupu?

Kwa nini wageni husema Kilimanjaro ni 19,341 na sisi 5,895?

Zao futi, zetu mita. Mlima ni mmoja. Vipimo vya setelaiti vya 2008 vilitoa mita 5,892, lakini vibao na vyeti vya wapandaji vimeizoea 5,895.

Mtoto kaandikiwa dawa ya maji mililita 5. Kijiko cha chai cha nyumbani kinatosha?

Hapana, mama. Vijiko vya nyumbani havilingani. Omba kijiko cha dawa au bomba la sindano lenye alama, duka la dawa wanavyo. Hukuuliza, ila nakuonya: usichanganye miligramu na mililita. Miligramu ni uzito wa dawa yenyewe, mililita ni ujazo wa maji yake. Paracetamol ya maji ipo ya miligramu 120 kwa kila mililita 5, na ipo ya 250. Kijiko kilekile, dozi zaidi ya maradufu. Soma chupa kila unaponunua mpya, hata kama rangi na ladha ni zilezile.

Fundi anasema bati la geji 30 ni nene kuliko la 28.

Amekosea, au anakuchezea. Kwenye geji namba ikipanda bati linakonda. Mwambie muuzaji akutajie milimita.

Tairi yangu imeandikwa 195/65 R15. Ni nini?

Upana milimita 195. Urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. Rimu ni inchi 15. Ndiyo, milimita na inchi kwenye tairi moja, na dunia nzima inaendesha hivyo.

Samahani mwalimu, ekari moja ni hatua ngapi?

Msomaji wa Sakina, rudi juu.