Kuchekesha na kuchekwa

SWALI: Nasoma sanaa za maonyesho hapa Bagamoyo. Kikundi chetu kina igizo la vichekesho kuhusu tajiri mwenye majivuno. Kwenye tangazo la Kiingereza nikaandika "a ridiculous play". Mgeni mmoja akanishauri nilifute neno hilo. Kamusi yangu inasema maana yake ni "-a kuchekesha". Kosa liko wapi? Je, niweke absurd?

JIBU: Kamusi yako imeishia nusu ya njia. Ridiculous asili yake ni Kilatini, ridere, yaani kucheka, lakini kicheko chenyewe kina dharau ndani yake. Bodaboda akikutajia shilingi elfu hamsini kutoka stendi hadi Kaole, utasema "hiki sasa kichekesho" huku uso umekunjamana. Hiyo ndiyo ridiculous. Kiswahili kinatusaidia sana hapa: funny ni kinachochekesha, ridiculous ni kinachochekwa. Wewe uliwatangazia wageni kwamba igizo lenu linastahili kuchekwa.

Funny nayo ina maana ya pili. Mzungu akinusa samaki pale sokoni ufukweni akasema "it smells funny", hachekeshwi na kitu. Anahisi samaki ameanza kuharibika. Kwenye tangazo, hata hivyo, haina hatari. Kama watazamaji wenu huvunjika mbavu kweli, andika hilarious. Humorous ni ya upole zaidi, ucheshi wa kutabasamu. Ludicrous ni jirani wa ridiculous, ila hutumika jambo likizidi mpaka, sikushauri uihangaikie.

Absurd ndiyo nakuomba uichunge, hasa wewe mtu wa jukwaani. Kwa Kilatini absurdus ilikuwa sauti isiyopatana na nyingine, na mpiga ngoma anajua mlio wa namna hiyo unavyoumiza masikio. Leo ni jambo linalopingana na akili, liwe linachekesha au la. Wanahisabati huitumia dhana yao ikiwafikisha kwenye mkinzano. Tena kuna aina nzima ya tamthilia yenye jina hilo, iliyoshamiri Ulaya miaka ya 1950 kwa kazi za kina Samuel Beckett na Eugène Ionesco. Wahakiki wetu huiita ubwege. Mgeni akisoma "an absurd play" atakuja akitarajia hiyo.

Andika "a very funny play". Ridiculous mwekee yule tajiri wenu kwenye muhtasari wa hadithi, maana majivuno yake ndiyo yanayochekwa.